Umeme Umefika, Fundi Je?

Mwaka 1980 kebo ya kwanza ya umeme ililazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania Bara, hadi Fumba, na tangu hapo kisiwa cha Unguja kikawa kinapata umeme wake kutoka gridi ya Taifa. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Pemba kuunganishwa kutoka Tanga. Mwaka 2013 Unguja ikapata kebo ya pili yenye uwezo wa megawati 100, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa ile ya kwanza. Kazi hizo zilikuwa kubwa, zilitumia fedha nyingi, na kila mpenda maendeleo wa Visiwa hivi anazionea fahari.

Leo, hata hivyo, hatukusudii kuzungumzia kebo wala nguzo. Tunakusudia kuzungumzia safari fupi iliyobaki, nayo ni ile ya kutoka kwenye mita hadi kwenye swichi ya chumbani. Mkono wa Shirika la Umeme huishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda ndani, usalama wa nyumba, wa watoto waliolala humo na wa mali iliyomo, umo mikononi mwa fundi umeme. Nasi tunasema bila ya kificho kwamba mtu huyo tumemsahau. Tumempelekea umeme mwingi zaidi, vyombo vipya zaidi na kazi ngumu zaidi, lakini hatukumpelekea elimu mpya.

Yeyote aliyejenga nyumba Unguja au Pemba anamjua fundi tunayemsema. Aghalabu alianza akiwa kijana, akimbebea fundi mkubwa ngazi na mkoba wa vifaa. Akajifunza kuchimba ukuta, kupitisha mabomba ya waya na kufunga swichi, na baada ya miaka miwili mitatu akaanza kupokea kazi zake mwenyewe. Uanagenzi wa namna hiyo si wa kudharauliwa hata kidogo. Ndio uliotupa maseremala waliochonga milango ya Mji Mkongwe na mafundi waliounda majahazi yetu. Kasoro yake ni moja, kwamba mwanafunzi hupokea alichokijua mwalimu wake pamoja na makosa yake. Mbao ya leo ina tabia ile ile ya mbao ya miaka mia iliyopita, na seremala aliyefunzwa na babu yake hajapotea. Umeme wa majumbani umebadilika mno katika muda wa miaka ishirini tu.

Tutoe mifano, ili asije mtu akadhani tunasema maneno matupu.

Zamani nyumba ya kawaida ilikuwa na taa chache, redio na labda feni. Leo nyumba hiyo hiyo ina friji, kiyoyozi, pasi, birika la umeme na pampu ya maji. Aidha, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, na miti yetu michache italishukuru. Lakini maana yake ni kwamba jiko la umeme nalo litaingia katika nyumba nyingi ambazo waya zake zilifungwa kwa ajili ya taa na redio. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Kiyoyozi cha wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 6. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5 na kidogo. Vikichomekwa vyote katika waya mmoja ulioundwa kubeba ampea 10, waya huo utabeba zaidi ya ampea 20. Wala joto haliongezeki mara mbili kwa kuwa mzigo umeongezeka mara mbili. Huongezeka mara nne. Hapo ndipo mpira wa waya unapolainika ndani ya ukuta bila ya mwenye nyumba kujua, mpaka siku anaponusa harufu ya kuungua.

Mfano wa pili ni wa rangi za waya. Kwa miaka mingi tulifuata desturi ya Kiingereza, ambamo waya wa moto ulikuwa mwekundu na waya mweusi ulikuwa wa kurudishia. Katika umeme wa njia tatu, waya za moto zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Uingereza yenyewe ilianza kuziacha rangi hizo mwaka 2004 na ikazikomesha kwa kazi mpya mwaka 2006. Katika utaratibu mpya buluu ndio waya wa kurudishia, na nyeusi ni mojawapo ya waya za moto katika njia tatu. Yaani rangi mbili zimebadilishana kazi kabisa. Nyumba zetu za zamani zina rangi za zamani, na maduka yetu yanauza waya za rangi mpya. Fundi aliyefunzwa mwaka 1990 na fundi aliyefunzwa mwaka 2020 wanaweza kusimama mbele ya sanduku moja, wakautazama waya mmoja, na kila mmoja akaamini jambo lililo kinyume na la mwenzake. Mmoja kati yao anaweza kufa kwa imani hiyo.

Mfano wa tatu ni wa kifaa kinachokata umeme pale unapovuja. Kifaa kilicho cha kawaida kwa soketi za majumbani hukata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30. Kiasi hicho ni kidogo mno; balbu ya zamani ya wati 60 huvuta zaidi ya mara 8 ya hapo. Lakini mkondo ulio mkubwa kuliko huo, ukipita kifuani mwa mtu kwa muda, huweza kuuvuruga moyo wake. Fyuzi haitamwokoa mtu huyo, kwa sababu fyuzi iliwekwa kuulinda waya, haikuwekwa kumlinda mwanadamu. Hata hivyo, tofauti ya vifaa hivi viwili haijulikani na wengi, na baadhi ya mafundi hukiondoa kifaa hiki kwa kuwa “kinasumbua, kinakata kata ovyo.” Aghalabu hakikati ovyo. Kinasema kwamba mahali fulani umeme unavuja, na badala ya kuutafuta uvujaji, tunamfunga mdomo anayetuonya.

Kisha kuna waya wa ardhini. Mwananchi wengi huona ni nondo tu inayogongomelewa nje ya nyumba, na kwa baadhi ya mafundi ikishagongomelewa kazi imekwisha. Lakini ardhi ya Visiwa hivi si ya namna moja. Nondo inayofaa katika udongo mzito wenye unyevu huenda isifae kitu katika mawe ya matumbawe na mchanga mkavu wa mashariki ya Unguja, ambako ndiko hoteli nyingi zinakojengwa. Hakuna njia ya kujua ila kupima kwa kipimo chake. Tujiulize ni mafundi wangapi mitaani mwetu wanaomiliki kipimo hicho, na ni wangapi waliowahi kuoneshwa namna ya kukitumia. Na juu ya hayo yote, hewa yetu ya chumvi haisameheki. Maungio yaliyokazwa ovyo, ambayo mahali pengine yangedumu miaka kumi, hapa hushika kutu mapema na kuanza kupata moto.

Mambo ya jua nayo yameingia kwa kasi. Paneli za jua zinafungwa juu ya mapaa ya hoteli, skuli na nyumba za watu binafsi. Fundi aliyezoea kwamba ukizima swichi kuu nyumba nzima imekufa, anapaswa ajue kwamba paneli haizimiki maadamu jua linaiwakia. Waya zinazotoka huko juu hubaki na moto mchana kutwa, na cheche ya umeme wa aina hiyo ni ngumu kuikata kuliko ile aliyoizoea. Mambo haya hayajulikani kwa kubahatisha. Lazima mtu afundishwe.

Wananchi hawajasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, Mei na Juni. Wala hawajasahau giza lililoanza Desemba 2009 na kuendelea kwa miezi mitatu hadi Machi 2010. Katika siku hizo kila aliyejiweza alinunua jenereta. Watu walifikiria mafuta na kelele. Wachache walifikiria hatari nyingine. Jenereta ikiunganishwa na waya za nyumba bila ya swichi ya kubadilishia, umeme wake huweza kurudi nyuma kupitia mita hadi kwenye laini ya mtaani, ukamuua fundi wa Shirika aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini haina moto. Hivyo ujinga wa fundi mmoja ndani ya ua wake unaweza kumfanya mjane mke wa fundi mwingine asiyemjua. Hatari hiyo haikuondoka na giza la 2010. Majenereta yangali yapo, na sasa yameongezeka mabetri na mitambo ya jua.

Watakuwepo watakaotujibu kwamba sheria ipo, na kwamba kazi za umeme hufanywa na wakandarasi waliosajiliwa. Hatubishani nao. Tunaloliuliza ni nani hasa anayeshika bisibisi. Jina lililo kwenye karatasi ni la mkandarasi. Mkono ulio ukutani ni wa kijana aliyeokotwa kwa kazi ya siku tatu. Saini ya mkandarasi ina thamani pale tu anapoijua kazi iliyofanywa chini yake na mtu aliyeifanya. Pasipo hivyo, sheria inasimamia karatasi huku nyumba ikijisimamia yenyewe.

Watakuwepo pia watakaosema kwamba tukianza kudai vyeti tutawanyang'anya maskini riziki zao. Hoja hii ni nzito, na tunaikubali nusu yake. Ni kweli kwamba fundi mwenye watoto sita, aliyefanya kazi miaka ishirini kwa uaminifu, hawezi kuambiwa leo arudi darasani miaka mitatu au aweke chini vifaa vyake. Hatudai hivyo. Tunadai apimwe kwa kazi ya mikono yake, apewe sifa kwa analolijua, na afundishwe lile tu asilolijua. Tanzania Bara, VETA imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunza kazini na kuutambua rasmi ujuzi wao. Na leseni za ufungaji umeme zinazotolewa na EWURA zimegawanywa kwa madaraja, kila daraja na mipaka yake ya kazi. Hakuna sababu kwa nini fundi wa Mkoani au wa Makunduchi akose heshima kama hiyo.

Tena tutazame upande wa ajira. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773, ilhali mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Ongezeko hilo la watu zaidi ya 580,000 katika miaka kumi lina maana ya nyumba mpya, maduka mapya na skuli mpya, na kila jengo linahitaji fundi. Juu ya hayo zipo hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zenye mitambo ya baridi, ya kusafisha maji na ya jua. Mara kwa mara tunasikia lalamiko kwamba kazi nzuri za huko huenda kwa wageni. Lalamiko hilo halitaondoka kwa maneno ya majukwaani. Mwenye hoteli anataka mtu atakayeufahamu mtambo wake usiku wa manane unapozima na wageni wamejaa. Akimpata Jambiani hatakwenda kumtafuta ng'ambo. Asipompata, hatumlaumu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano yafanywe.

La kwanza ni kuwajua mafundi tulionao. Kila shehia iandikishe mafundi umeme wanaofanya kazi ndani yake, wenye vyeti na wasio na vyeti, bila ya kuwatisha kwa faini. Kisha wapimwe kwa vitendo na wapangwe kwa madaraja. Orodha ya waliofaulu ibandikwe katika ofisi ya sheha, ili mwananchi anayetaka kufunga waya ajue ni nani wa kumwita, na kwa kazi ya kiasi gani.

La pili ni mafunzo ya kujiendeleza, yasiyokoma. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa upande wa Unguja, na Vitongoji na Daya kwa upande wa Pemba. Vituo hivyo vinafundisha vijana mchana. Tunashauri milango yake ifunguliwe jioni na siku za mapumziko kwa watu wazima wanaokula kwa jasho la siku. Masomo yawe mafupi, ya wiki moja au mbili: rangi mpya za waya, upimaji wa ardhi, vifaa vya kukata umeme unaovuja, mitambo ya jua, maungio ya jenereta. Yafundishwe kwa Kiswahili kilicho wazi, kwa kuwa fundi anayeweza kusikiliza akaelewa na akafanya asishindwe kwa sababu ya lugha ya kitabu. Na vipimo ambavyo fundi mmoja hawezi kuvinunua vinunuliwe na kituo, viazimwe kwa dhamana. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iwafunze walimu wa vituo hivyo, maana hata mwalimu hupitwa na wakati.

La tatu linaihusu Serikali kama mteja. Skuli za ghorofa na hospitali za wilaya zilizojengwa miaka ya karibuni zinaonesha kwamba Serikali ndiyo mjengaji mkubwa kuliko wote nchini. Basi itumie nguvu hiyo. Kila mkataba wa kazi ya umeme unaolipwa kwa fedha za umma uwe na sharti kwamba mkandarasi atachukua wanagenzi wa hapa, atawafundisha kwa mpango unaoeleweka, na mwishoni ataonesha walichojifunza. Na kazi isipokelewe mpaka vipimo vyake viandikwe na kukabidhiwa pamoja na funguo za jengo. Afisa anayepokea jengo kwa kuwasha na kuzima taa hakulikagua.

La nne ni kuwaendea vijana kabla hawajachagua. Katika skuli nyingi ufundi bado huonekana ni kimbilio la walioshindwa mtihani. Waendewe wakiwa madarasani, na mafundi wenyewe, wawaoneshe kazi ilivyo na kipato kilivyo. Na wasichana wasiachwe nyuma. Pale Kinyasini, katika kituo cha Barefoot College, wanawake wa vijijini, wakiwemo waliokosa nafasi ya kusoma sana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, wakarudi vijijini kwao wakiwa mafundi. Ikiwa mama wa makamo ameweza, binti aliyemaliza kidato cha nne atashindwa na nini? Tena katika nyumba zetu, ambamo mchana mara nyingi wanawake huwa peke yao, fundi mwanamke ana nafasi ambayo mwanamume hana.

La tano linatuhusu sisi wananchi. Tunatumia mamilioni kwa vigae na milango, kisha kwa waya ambazo hazionekani tunamtafuta aliye rahisi kuliko wote. Tunamwambia apunguze, naye anapunguza: badala ya waya mnene anaweka mwembamba, na waya wa ardhini hauweki kabisa. Kisha moto ukizuka tunasema ni “hitilafu ya umeme,” kana kwamba umeme ulifanya makusudi. Umeme haujui kumkusudia mtu. Unafuata njia iliyowekwa na fundi, kwa fedha aliyokubali kutoa mwenye nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, huenda asibaki mtu wa kuujenga huo ukuta.

Hatukuandika haya kuwavunjia heshima mafundi. Wao ndio waliotuwashia taa, wengi wao kwa ujira mdogo na bila ya bima yoyote wanapoanguka ngazini. Miongoni mwa wazee wao wapo wanaojua kupitisha waya katika kuta nene za chokaa na mawe za Mji Mkongwe bila ya kuziharibu, elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha kigeni. Wazee hao tungependa kuwaona wakiitwa vituoni kuwa walimu, kabla hawajaondoka nayo. Fundi mzee na kijana mwenye kipimo kipya wakikaa chumba kimoja, kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake.

Gharama ya yote tuliyoyasema ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kebo moja ya baharini. Halihitaji mfadhili kutoka mbali wala meli ya kulaza waya. Linahitaji madarasa ambayo tayari yapo, walimu ambao tayari tunao, na uamuzi. Tunaziomba Wizara zinazohusika na nishati, elimu na kazi zikutane juu ya jambo hili moja, na zitangaze siku ambayo darasa la kwanza la jioni litafunguliwa. Mafundi watakuja. Nasi tutakuwepo kuandika habari zake.